Sahani Isirudi Tupu

Mbweni, Unguja
14 Machi 2025

Mwanangu Melania,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye baridi. Mimi mzima, mguu unauma kidogo lakini ni ule ule, usiuwaze. Kaka yako Fideli mzima, yuko kazini hotelini Matemwe, hulala huko huko, anakusalimu. Shangazi yako Blandina wa Jang'ombe mzima, anasema hukumuaga vizuri, nkamwambia mbona alikuaga, akasema sikatai, nasema vizuri. Padri wetu wa Anglikana na mkewe wazima. Kwaya wazima ila sauti ya pili imepwaya tangu uondoke. Kuku wazima, yule mweupe anaatamia. Paka wako kazaa tena chini ya kitanda chako, sikumfukuza. Bi Mwanakheir jirani yetu mzima, nnakuja kwake huko chini. Machano mwanawe mzima, lakini hoteli aliyokuwa akifanya kazi imefungwa, karudi kwao Tumbatu na mke na watoto.

Wewe je? Unalala na soksi? Mke wa Padri alifika Njombe zamani, anasema maji ya kunawia asubuhi yanachoma kama sindano. Ile sweta ya kijani uivae hata ndani, wala usimpe mtu. Nakujua. Ukimpa mtu mwambie akupe nyingine.

Mlezi wenu hapo konventi amesema simu hakuna mpaka umalize unovisi, hayo majaribio yenu ya utawa, basi mimi na mkono wangu huu wa darasa la nne nitaandika, we soma tu, usisahihishe. Mke wa Padri kanipatia mtu wa boti, naye atampa mtu wa basi, itafika.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeingia wiki moja. Mtaa mzima tumefunga, mchana hakuna anayekaanga kitu, hata paka wamekonda. Jumatano ya Majivu Padri alisema anayefunga asimgaie mwenzake, huyo kapunguza mwili tu. Neno likaniingia. Nkasema mwaka huu Bi Mwanakheir kila magharibi atafuturu kwa mkono wangu. Ninachopika, cha kwanza chake. Basi natoa ile sahani ya maua mekundu, iliyobaki peke yake katika zile za harusi yangu, naweka muhogo wa nazi au maharage na kipande cha samaki, nafunika kawa, nampelekea.

Sasa sikiliza linaloninyima usingizi. Unajua kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Siku ya kwanza ilirudi na mikate ya kumimina, laini, ya kutosha. Ya pili tambi. Baada ya hapo ikarudi na ndizi mbili. Kisha ndimu. Jana imerudi na majani ya mchaichai, kayafunga uzi vizuri kama zawadi. Mchaichai, mwanangu, na mimi ninao kisimani umejaa mpaka nyoka wanalala.

Nimemkosea nini Bi Mwanakheir? Nimepekua kila neno nililosema. Labda ni kuku wangu walioingia kwenye bustani yake. Yule mtu wa Tumbatu, akikasirika hasemi, anafanya mkono mzito tu. Basi nimeamua kumshinda kwa wema. Sasa naijaza sahani mpaka kawa haikai. Leo nampelekea na kuku, nimemwomba mwalimu wa madrasa kaja kunichinjia.

Niandikie kama nafanya vizuri. Usikawie.

Mama yako


Njombe
20 Machi 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, soksi navaa, sweta ninayo mpaka sasa. Wasalimie wote ulionitajia, na Shangazi umwambie nitamuaga upya.

Barua yako niliisoma jikoni nikiwa zamu, nikairudia mpaka uji ukashika chini. Mama, Bi Mwanakheir hajakasirika. Hana. Machano ndiye aliyekuwa akimletea unga na mchele, na Machano sasa hana kazi. Tazama sahani yako ilivyokuwa ikirudi. Kwanza mikate, kisha tambi, kisha ndizi za uani, ndimu za uani, majani ya uani. Alianza na kabati akamalizia na bustani. Na wewe ukiijaza zaidi, ndivyo anavyozidi kuhangaika atakurudishia nini. Naogopa ile mikate ya siku ya kwanza ndiyo ilikuwa unga wake wa mwisho.

Usimwache. Lakini mpelekee kwa chombo kisichorudi. Sisi hapa kila Ijumaa tunagawa chakula getini, tunakifunga kwa majani ya mgomba. Mtu anakula, jani analitupa, hana deni kwa yeyote. Jaribu jani, Mama.

Nakuombea kila asubuhi.

Melania


Mbweni, Unguja
6 Aprili 2025

Mwanangu Melania,

Salamu. Kaka yako mzima. Shangazi mzima, kafurahi kwamba ataagwa upya. Padri mzima, mkewe ana kikohozi. Yule kuku mweupe katotoa. Kwaya wanajifunza nyimbo za Pasaka na hawaelewani. Mimi mzima. Bi Mwanakheir sijui, maana hatusemezani.

Barua yako ilipofika nililia kwanza. Nilikaa juu ya kinu nkasema, Mungu wangu, unga wa mwanamke yule nimeula mimi, kisha nkamsema ana mkono mzito. Basi nkakata jani zuri la mgomba, nkalibabua motoni lilainike, nkafunga wali na samaki. Nkaliweka mlangoni kwake, nkabisha hodi, nkarudi zangu mbio asije akaona haya.

Hakula. Alikuja nalo mwenyewe, limefungwa vile vile, akasimama kwenye kizingiti wala hakuingia. Akaniuliza taratibu, "Mama Melania, jani hupewa nani?"

Nkalitazama jani.

"Sahani unampa jirani," akasema, "inakwenda, inarudi. Jani unampa mtu wa njiani. Mimi umeshanitoa kwenye ujirani?"

Nkamwambia sivyo, nilitaka nikupunguzie taabu. Akasema, "Hiyo taabu ndiyo heshima yangu." Akaliweka jani juu ya kinu pale mlangoni, akaenda. Tangu siku hiyo akisikia mlango wangu unafunguliwa, anafunga wake.

Idi ikaja. Tangu wewe hujazaliwa sijapata kukosa sahani ya Idi ya Bi Mwanakheir. Nilioga mapema, nkatandika mkeka barazani, nkakaa kama mtoto. Watoto wa mtaa walipita na nguo zao mpya, wakala peremende zangu zote. Sahani haikuja. Na jikoni kwake, siku ya Idi, moshi haukutoka.

Juzi Padri alihubiri kwamba ukifanya karamu usiwaite wenye kukulipa, waite wasioweza. Nkamsubiri mlangoni nkamuuliza, Padri, na huyo asiyeweza, akija pamoja na haya zake, nimkalishe wapi? Akacheka, akasema Mama Melania, swali zuri hilo. Swali zuri, lakini haliliwi.

Sikulaumu wewe. Jani ni la huko getini kwenu, mnapowagawia msiowajua. Huyu mimi namjua mpaka kikohozi chake cha alfajiri. Yuko na njaa, ukuta mmoja na mimi, na mlango nimemfungisha mimi mwenyewe kwa huo wema wangu. Naogopa, Melania. Mtu anaweza kufa kwa haya na jirani yake anapika.

Nambie la kufanya. Upesi.

Mama yako


Njombe
29 Aprili 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na Pasaka njema iliyochelewa. Wiki Kuu yote hatusemi wala hatuandiki, basi barua yako ilinifikia nikalala nayo chini ya mto bila ruhusa ya kuijibu. Nisamehe. Huko Fideli hajambo? Mke wa Padri na kikohozi chake je?

Nimekosa, Mama. Nilikupa shauri la getini ulitumie nyumbani. Ijumaa iliyopita nikawatazama vizuri wanaopokea majani yetu. Yupo mzee mmoja ambaye tukimpa hugeuza uso. Siku zote nilidhani ndivyo shingo yake ilivyo. Safari hii nikamuuliza jina. Akanitajia, kisha akaniuliza langu, na akapokea akinitazama.

Sasa na wewe nakuuliza, usinikwepe. Kila barua unanitajia watu, wote wazima. Fideli analala Matemwe. Shangazi yuko Jang'ombe. Padri ana kwake na kwaya wana kwao. Nimetafuta anayelala ndani ya nyumba yetu, nimekuona wewe na paka. Unapika kila siku, na cha kwanza cha Bi Mwanakheir. Cha pili cha nani? Hujaniandikia hata mara moja kwamba umekula.

Ni mguu tu unaouma?

Melania


Mbweni, Unguja
18 Mei 2025

Mwanangu,

Wote wazima, leo sitaji majina maana umeyageuza kuwa ushahidi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikukasirikia kidogo. Mtoto humuachia mama yake kajificho kadogo. Lakini umeuliza, basi nasema. Sili. Napika, naonja chumvi, nilikuwa napeleka kwa jirani, kisha narudi nakaa na sahani yangu na tonge halipiti. Linafika hapa kooni, linakutafuta, linarudi. Kuku wamenenepa kwa wali wangu. Sikukuandikia kwa sababu wewe nimekutoa kwa Mungu mbele ya kanisa zima, nimevaa kanga mpya, watu wananipa mkono. Mtu akishatoa vile, anaanzaje tena kulia njaa ya alichokitoa?

Barua yako niliifunga kwenye ncha ya kanga nkazunguka nayo, jikoni, sokoni, kanisani. Alasiri moja, mvua imekatika, nkatoka mikono mitupu, bila sahani, bila jani, nkaenda kukaa barazani kwa Bi Mwanakheir. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka. Hakuninyanyulia macho, lakini hakuingia ndani.

Nkamwambia, "Bi Mwanakheir, nna njaa."

"Wewe?" akasema. "Ambaye kawa haikai juu ya sahani?"

Nkasema chakula kipo, wa kula naye ndiye sina. Nkamweleza kama nilivyokueleza wewe hapa, habari ya tonge na ya kuku, na kulia nkalia, sikuficha. Nkamwambia zile sahani zote nilizokuwa nampelekea, nilikuwa nazikimbia mwenyewe.

Akasuka ukili urefu wa mkono mzima. Kisha akasema, "Ndo maana kanga inakuzunguka mara tatu. Mi nkadhani unaendelea na Kwaresima mpaka Krismasi, upate utakatifu."

Nkacheka huku nalia, kamasi na machozi. Akaweka ukili wake chini.

"Nyanyuka, twende huko jikoni kwako," akasema. "Na muhogo nitapika mimi. Wa kwako, Mama Melania, miaka yote hii naula kwa adabu."

Miaka yote hii, Melania. Na wewe ulikuwa unaujua ubaya wake ukaninyamazia.

Basi alipika yeye, mimi nkakuna nazi. Tukapakua kwenye ile sahani ya maua mekundu, moja, tukakaa chini huku na huku. Nimekula, mwanangu. Nimekula mpaka nkaona haya. Naye alikula, alikula kama mtu aliyeshuka safarini, nkageuka pembeni nkajifanya namtafuta paka ili asijione anatazamwa. Sahani ikaoshwa ikarudi kabatini pale pale. Haikuvuka ua.

Sasa ni kila siku. Anakuja adhuhuri, anasema amekuja kunilisha, mtaa mzima kawaambia hivyo, kwamba Mama Melania asipowekewa mtu mbele hali. Na ni kweli, hakuna aliyesema uongo. Nimempa chumba chako aswalie. Ule msalaba wako upo ukutani, nkamuuliza niutoe, akasema uwache, yeye hutazama upande mwingine.

Padri nimemwambia, yule asiyeweza kukulipa nimejua pa kumkalisha. Umwombe wewe kwanza akulishe. Akatikisa kichwa, nadhani neno hilo atalitia kwenye mahubiri kama lake.

Mguu umepona. Nambie nawe kama unakula.

Mama yako


Njombe
1 Juni 2025

Mama,

Shikamoo, na shikamoo kwa Bi Mwanakheir. Nilisoma barua yako nikalia hadharani. Mlezi akaniuliza kama nyumbani kuna msiba. Nikasema hapana, wamekula.

Muhogo wako nilikuwa naujua, ndiyo.

Kuna langu nami sijakwambia. Desemba, kabla ya nadhiri za kwanza, tunapewa ruhusa ya kwenda nyumbani siku chache. Anayetaka hubaki. Nilishasema nitabaki. Mlezi nilimwambia ni kwa ajili ya sala. Mama, sikuwa naogopa safari. Nilikuwa naogopa kukukuta unakula peke yako, kisha niondoke tena.

Sweta nimempa mtu. Amenipa yake.

Melania


Mbweni, Unguja
22 Juni 2025

Mwanangu Melania,

Salamu za mama yako. Bi Mwanakheir mzima, yuko hapa hapa pembeni yangu, anasema mwandiko wangu kama kuku kapita kwenye majivu. Machano mzima, kapata kibarua cha ujenzi Bububu, Jumamosi kaleta mchele, mamake kauleta huku na tumeupika huku. Kaka yako mzima, alikuja akala, akasema muhogo wa nyumba hii umepata nini. Shangazi mzima, anauliza ataagwa lini. Watoto wa kuku mweupe wazima ila mmoja kachukuliwa na mwewe. Kwaya wazima. Hiyo sweta ya huyo mtu, ni nzito? Ina mikono?

Ya Desemba nimeyasoma. Sina neno. Nilichotoa nimetoa, siwezi kukiita uani kama kuku. Ukibaki, ubaki kwa amani, mama yako anakula.

Lakini Bi Mwanakheir nilimsomea barua yako, maana kila kitu tunakula pamoja siku hizi, na barua pia. Akaenda kabatini akatoa ile sahani ya maua mekundu. Akaweka visheti alivyovikaanga mwenyewe, vikavu, vitafika salama, akaifunga kwa kanga yake ile ya njano. Padri anakuja huko Njombe kwenye mkutano, ndiye anayekuletea pamoja na barua hii. Nimemwonya asivile njiani.

Bi Mwanakheir amesema niandike kama anavyosema, nami naandika. "Mwambie Melania hii ni sahani ya jirani, si jani. Hairudishwi kwa Padri wala kwa basi. Aliyeipokea huileta kwa mkono wake, na isirudi tupu."

Nkamuuliza, na mtoto wa konventi asiye na kitu chake, ataweka nini humo? Akanitazama kama nimeuliza jua linachwea wapi.

"Alete njaa yake," akasema.

Mimi sijasema uje, hayo ni maneno ya Bi Mwanakheir. Ila sahani ya harusi yangu ni hiyo moja tu iliyobaki, na sipendi ikae mbali sana na kabati lake. Nijibu haraka, hata mstari mmoja, nijue imefika nzima.

Mama yako